Nimewatumia mara tatu hawa wa paketi ya kuanzia kuku wa nyama: vifaranga safi, mchanganuo haufai

Kila wiki napata meseji za watu wananiuliza dada vipi, nianze kuku wa biashara au niache, sa nimeona bora niandike yote sehemu moja. Nitaipitia ile paketi niliyoanza nayo mimi, maana wengi mnaouliza mnatumiwa matangazo ya paketi kama hiyohiyo. Nililipa kwa hela yangu, sijapewa cha bure. Jina la kampuni naliacha, paketi hizi zinafanana sana na utakayoletewa wewe itakuwa na vitu hivihivi tu kwa mpangilio mwingine.

Ndani kuna vifaranga 300 wa broila wa siku moja, mifuko 15 ya chakula ya kilo 50 (5 ya kuanzia, 10 ya kumalizia), vyombo vya maji na vya chakula, chanjo za kideri na gumboro (magonjwa mawili ya kuku), namba ya mshauri unaempigia kwa siku 35, na karatasi ya mchanganuo wa faida. Mara ya kwanza nilichukua yote kama ilivyo, mara ya pili wakakubali kunikatia ya 200, mara ya tatu nikachukua vifaranga peke yake.

Naanza na karatasi, maana ndo iliyonitoa hela mfukoni.

Ni ukurasa mmoja. Unaingiza vifaranga 300, unauza kuku 300, wiki 5, mara 10 kwa mwaka, na kwa kila 100 unayoweka inakurudia 140. Imepangwa vizuri mno ukiisoma usiku unalala unapiga hesabu ya banda la pili. Sa mi nilipoisoma sikujua hata cha kuuliza, leo ningeuliza hivi: kwenye huu ukurasa hao wanaokufa wako wapi? Hakuna. Maranda ya chini hayapo, mkaa au umeme wa kuwapa joto haupo, nauli haipo, mshahara wa mtu wa kulala nao haupo, dawa ya kusafishia banda haipo. Na hizo mara 10 kwa mwaka haziwezekani hata kwa kulazimisha, siku 365 ukigawa kwa 10 ni siku 36 na nusu, yani kuku wanatoka leo na vifaranga wanaingia kesho kwenye banda lenye mavi ya wenzao. Banda linatakiwa litolewe maranda yote, lioshwe, lipigwe dawa, likauke na lipumzike, kama wiki 2 hivi ndo watu wa kuku wengi wanavyofanya, la sivyo magonjwa ya kundi lililopita yanalisubiri kundi linalokuja. Siku 35 jumlisha 14 ni 49, hiyo ni mizunguko 7 kwa mwaka. Na hiyo 7 ni kama kuku wote wanatoka siku ya 35 kamili, kitu ambacho kwangu mara ya kwanza hakikutokea, wa mwisho alitoka siku ya 46, na kwa mwendo huo ni mizunguko 6.

Chakula ndo penyewe zaidi. Karatasi imehesabu mifuko 15, kilo 750, ukigawa kwa kuku 300 ni kilo 2 na nusu kila mmoja mpaka anauzwa. Mi nilitumia mifuko 19 mpaka siku ya 35, tena kwa kuku 284 waliobaki, inakuja kama kilo 3.35 kila kuku, na uzito wa wastani ulikuwa kilo 1.85 akiwa hai. Ukigawa chakula kwa uzito unapata 1.8, maana yake kila kilo moja ya kuku imekula kilo 1.8 ya chakula. Hii namba ijueni kabla hamjajua kitu kingine chochote kwenye hii biashara. Wanaozalisha mbegu za Ross 308 na Cobb 500 (aina mbili za broila) wana vitabu vyao vinavyoonyesha broila akipita kilo 2 kwa siku 35 kwa chakula kisichozidi sana kilo 1 na nusu kwa kila kilo ya uzito, lakini hayo ni mabanda ya kupimwa joto, hewa na kila kitu. Banda la wazi la mtu anaeanza, 1.7 mpaka 1.9 ni kawaida na hujafanya vibaya. Sa kwa uwiano huo kilo 2 na nusu za chakula zinakupa kuku wa kilo 1.4 hivi, na karatasi hiyohiyo inamuuza kwa bei ya kuku wa kilo 2. Hapo ndo nilipokasirika kweli, maana nilikuja kugundua siku ya 27 mifuko ikiwa inaisha na kuku wanapandisha kasi ya kula, na ile ndo siku ambayo sikuwa na hela nyingine. Nilikopa mifuko 4 kwa jirani anaefuga. Asingenikopesha ningeuza kuku wa kilo 1.2 kwa bei ya kutupa, kwa sababu broila huwezi kumwambia asubiri, ukimpunguzia chakula wiki ya 4 umeharibu wiki 3 zote ulizomlisha.

Karatasi naipa 1 kati ya 10, na hiyo 1 ni kwa kuwa ilinifundisha majina ya vitu.

Haya, vifaranga. Hapa niwe mkweli wanajua kazi yao. Wamekuja kwenye maboksi yenye matundu, 100 kila boksi na 2 za nyongeza, kwa hiyo nilihesabu 306. Watatu walikuwa wamekufa njiani. Nilipima boksi moja lenye 102 nikapata kilo 4.1, ni kama gramu 40 kwa kila kifaranga, uzito mzuri, na walikuwa wanalingana kwa macho, hukuti mmoja mkubwa mwingine kama nusu yake. Vitovu vimefunga na kukauka, hii angalieni sana, kifaranga mwenye kitovu kibichi au cheusi mara nyingi hafiki siku ya 5, na tumbo linavimba na kunuka. Kuna kipimo nilifundishwa na bwana mifugo, unamlaza kifaranga chali, akiwa mzima anajigeuza na kusimama ndani ya sekunde 3 hivi. Nilijaribu 20, mmoja tu alichelewa.

Siku ya 7 nikapima tena, wastani gramu 168, mara 4 ya walivyokuja. Uzito wa siku ya 7 ukiwa mara 4 ya ule wa siku ya kwanza ujue umeanza vizuri, na ukiukosa hapo ni ngumu kuufidia baadae. Waliokufa wiki ya kwanza walikuwa 9, ambapo wengine najua ni makosa yangu ya joto, ntaeleza.

Mara ya pili mzigo ulichelewa njiani ukafika usiku badala ya asubuhi. Kifaranga ana kiini cha yai tumboni kinaweza kumpeleka mpaka kama saa 72 bila kula, ndo maana wanasafirishwa, ila kila saa anayokaa bila maji anapungua nguvu, na wale wa mara ya pili walionekana wamelegea, miguu imesinyaa. 7 walikuwa wameshakufa kwenye boksi. Kampuni inafidia waliokufa njiani ukipiga picha na kutuma ndani ya saa 24, nilituma, wakafidia kwenye oda iliyofuata. Hiyo ahadi waliitimiza na naiheshimu. Lakini someni masharti, wanaokufa kuanzia siku ya pili ni wako hata kama tatizo limetoka kwao.

Vifaranga nawapa 9.

Sasa joto, ambalo halipo kwenye paketi kabisa na ndo linaloua kuliko chochote siku 10 za mwanzo. Paketi haina hata kipimajoto. Wiki ya kwanza wanahitaji kama nyuzi 32 mpaka 34 pale walipo, afu unashusha nyuzi 2 au 3 kila wiki. Maranda yatandikwe unene wa sentimita 5 mpaka 10 na banda liwashwe moto siku moja kabla hawajafika, maana ukiwasha wakati wanaingia hewa inapata joto ila maranda bado ya baridi, na kifaranga anapokea ubaridi kwa miguu. Ukitaka kujua shika miguu yake uiweke shavuni kwako, ikiwa ya baridi banda halijawa tayari hata kama kipimajoto kinasema 33. Mi siku ya 4 usiku nilisinzia mkaa ukaisha, naamka saa 10 nakuta wamerundikana kona moja, waliokuwa chini wameshakufa kwa kukosa hewa. 5 kwa usiku mmoja. Mshauri nilipompigia asubuhi alinipa somo ambalo kwa kweli lilinisaidia mizunguko yote miwili iliyofuata, alisema dada usiangalie moto, angalia wanavyolala. Wakirundikana chini ya moto wana baridi, wakikimbilia pembeni na kutanua mbawa huku wanahema wana joto, wakijaa upande mmoja wa banda kuna upepo unaingia upande wa pili, na wakitawanyika sawasawa kila mahali ndo wako vizuri. Na jioni ya siku ya kwanza kabla hujalala papasa vifuko vya chakula shingoni kwa vifaranga kama 30, karibu wote viwe vimejaa na laini, ukikuta vingi vitupu ujue hawajaona chakula au wana baridi na hawatoki kula.

Huyo mshauri ningempa 8 ila ana mambo mawili. Simu hapokei usiku na matatizo ya vifaranga yanatokea usiku. Na la pili alinishauri niweke antibaotiki kwenye maji kuanzia siku ya 1 mpaka ya 5 "kama kinga". Mara ya kwanza niliweka. Baadae bwana mifugo akanieleza kuku wazima hawatakiwi kupewa hizo dawa kwa mazoea, vimelea vinazoea, siku wakiumwa kweli dawa haifanyi kazi, na pia kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla kuku hajachinjwa, zimeandikwa kwenye chupa, ukiuza kabla hazijaisha mtu anakula dawa. Mara ya pili na ya tatu sikuweka, nikasafisha vyombo vya maji kila siku na vifo vya wiki ya kwanza vikapungua. Kwa hiyo 5. Afu siku ya 36 huduma inakatika, mi bado nina kuku 164 bandani.

Vyombo pita haraka. Vya chakula vizuri, havimwagi. Vya maji ni vibaya, 6 vya lita 4, vitatu vinavuja kwenye kifuniko tangu siku ya kwanza. Vifaranga wadogo chombo kimoja kwa 50 kinatosha, lakini kuku anakunywa maji kama mara 2 ya uzito wa chakula anachokula, kukiwa na joto zaidi ya hapo, sa wiki ya 5 nilikuwa nahitaji lita 100 kwa siku na vyombo vyote vikijaa ni lita 24. Ni kujaza mchana kutwa. Na kuvuja kukaloesha maranda, na maranda yakiloa na joto likiwepo koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku) inaamka, siku ya 19 nikaona damu kwenye mavi. Nilipata dawa ya maji siku hiyohiyo, bado walikufa 8. Sehemu ya lawama ni yangu, maranda yalitakiwa yageuzwe kila siku na yaliyoloa yatolewe, nilikuwa nageuza nikikumbuka. Ukiyafumbata mkononi yakashikana kama donge yameloa kupita kiasi, yakiachana yenyewe taratibu yako sawa. Vyombo 3.

Chanjo ndo sehemu inayonipa taabu kuipa alama. Zenyewe hazikuwa na tatizo, zimekuja kwenye boksi la barafu na tarehe zake ni nzuri. Ratiba yao ni kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Lakini wanakupa zote siku ya kwanza na chanjo hizi zinatakiwa zikae kwenye nyuzi 2 mpaka 8 muda wote, sa mtu asiye na friji au umeme wake unakatikakatika anatunza wiki 3 vipi? Atachanja maji matupu aamini kakinga. Niliwaomba mara ya pili wakae nazo waniletee moja moja, wakakataa. Na maelekezo yao yanasema tu "changanya kwenye maji safi". Maji safi yapi, ya bomba yenye klorini yanaua chanjo palepale. Bwana mifugo ndo aliyenionyesha, maji yasiyo na klorini, unatia maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2 mpaka 2 na nusu kwa lita, unawanyima maji saa 1 au 2 kwanza wawe na kiu, unapiga hesabu ya maji watakayomaliza ndani ya saa 2, na unafanya asubuhi na mapema kabla jua halijawaka. Ratiba nayo ulizeni kwa mtaalamu wa mifugo wa hapo mlipo maana magonjwa yanayosumbua hayalingani kila sehemu. Siku hizi chanjo nanunua kwake, moja moja, siku ya kuchanja. Nawapa 4.

Sa tufike kwenye jambo ambalo paketi hailigusi hata kwa neno moja, na kama una muda wa kusoma sehemu moja tu ya hii rivyu soma hapa.

Siku ya 35 una kuku 284 waliokomaa kwa pamoja. Yule kijana wa mauzo wakati ananiuzia alisema "soko lipo, kuku hawatoshi". Ni kweli watu wanakula kuku kila siku. Ila mtu anaekula kuku hajui kama wewe upo, na yule anaenunua wengi kwa pamoja ana mtu wake wa siku zote. Mi nilikuwa na mtu aliyeniahidi kwa mdomo kuchukua wote, siku ilipofika akachukua 120 akasema hao wengine wiki ijayo. Wiki ijayo hakupokea simu. Nikabaki na 164 nauza mmoja mmoja, watatu watatu, mpaka siku ya 46.

Angalia kilichotokea kwenye hizo siku 11. Kuku wa umri huo anakula kama gramu 170 au 180 kwa siku. Kundi lote la 284 ni mfuko mzima wa kilo 50 kila siku. Kila siku, jamani. Ukichelewa siku 3 kuuza kundi zima umeweka mifuko 3 ambayo haikuwepo kwenye hesabu, na uzito unaoongezeka haukulipi kama unauza kwa kichwa, anaenunua kwa idadi anataka kuku wa saizi yake, ukimpa mkubwa anashukuru tu, bei ni ileile. Mi nilimaliza mifuko 3 na nusu ya ziada kwa wale waliokuwa wanapungua taratibu. Na wale wakubwa wanaosubiri ndo wanaokufa na joto, siku ya 38 jua lilikuwa kali nikapoteza 2, kila mmoja ameshakula chakula chake chote, hiyo inauma kuliko vifaranga 10.

Mtu akasema si uchinje uweke kwenye friza. Sawa, kama unayo friza ya kubeba kuku 160 na umeme wa kuaminika. Na ujue ukishachinja na kutoa manyoya na vya ndani kinachobaki ni kama asilimia 70 mpaka 75 ya uzito wa hai, kuku wangu wa kilo 1.85 alikuwa anatoka kilo 1.35 hivi, sa kama ulipiga hesabu ya kuuza kilo kwa uzito wa hai umeshakosea kabla hujaanza.

Mwisho wa yote mzunguko wa kwanza kwa kila 100 niliyoweka ilirudi 106. Wao waliandika 140. Kwenye hiyo 100 chakula kilikula 67, vifaranga 19, mengine yote 14, na sijajilipa mimi mwenyewe siku 46 za kulala kwenye kiti.

Mzunguko wa pili nilifanya kinyumenyume. Kabla ya kuagiza nilizunguka wiki 3 nikatafuta wanunuzi, nikapata watatu waliokubali kuacha hela ya mwanzo, nikajumlisha wanachotaka nikapata 170, ndo nikaagiza vifaranga 200. Siku ya 33 nikatoa nusu, waliobaki wakapata nafasi wakanenepa vizuri, wakatoka siku ya 37. Nafasi nayo ina maana yake, kwenye banda la wazi ukizidisha kuku 10 mpaka 12 kwa mita moja ya mraba wakikaribia kuuzwa wanapumua hewa yao wenyewe. Ilirudi 119 kwa kila 100. Mzunguko wa tatu chakula kilipanda bei katikati na bei ya kuku haikupanda, ikarudi 112. Kwa hiyo hata ukifanya kila kitu sawa kuna sehemu haipo mikononi mwako, na ukiwa umeweka hela ya kukopa yenye riba hiyo 12 unaweza usiione.

Mnaoniuliza nianze au niache, mimi siwaambii acheni, mimi mwenyewe naendelea. Nawauliza majina. Nitajie majina ya watu watakaochukua kuku wako, wachukue wangapi na siku gani, kama huna hata jina moja usinunue paketi mwezi huu, tafuta majina kwanza, haikugharimu chochote. Ukiwa nayo majina piga hesabu ya chakula kilo 3 na nusu kwa kila kuku, tafuta hela ya chakula chote hicho pamoja na siku 10 za ziada kabla hujalipia kifaranga hata kimoja. Halafu uniambie nani analala na vifaranga usiku wa 1 mpaka wa 10, na yuko wapi, maana ukiwa mbali unafuga kwa simu utapokea taarifa za vifo tu. Watu wengi wenye kazi za ajira wanashindwa hapa na si kwa uvivu, ni kwamba mtu hawezi kuwa sehemu mbili.

Kuna wanaosema basi bora kuku wa mayai. Sijawafuga kwa biashara ila nimekaa na jirani yangu yule aliyenikopesha mifuko, anao. Wanaanza kutaga wiki ya 18 mpaka ya 20 na kila mmoja anakuwa ameshakula kama kilo 7 na nusu, kwa kuku 300 ni mifuko 45 kabla hujaona yai, na baada ya hapo gramu 110 mpaka 120 kila mmoja kila siku wakitaga wasitage. Kwa mtaji ni mzito kuliko broila mara nyingi. Ila anachonipita yeye ni hiki, siku mteja asipokuja trei zake zinamsubiri chumbani, yai halili. Mimi siku mteja asipokuja natafuta mfuko wa 50.

Kwa ujumla kama unataka kununua kwa hawa au kwa wanaofanana nao, chukua vifaranga, agiza mwezi mmoja kabla maana nafasi zinajaa, waombe wakuambie saa ya kuondoka na ya kufika, na uwe na maji tayari wakifika, siyo ndo uanze kutafuta ndoo. Chakula nunua mwenyewe, nusa kila mfuko, wenye harufu ya uvundo au mabonge rudisha usijaribu kuchanganya. Chanjo chukua kwa mtaalamu wa karibu. Vyombo vya maji nunua vya kuning'inia vyenye valvu, vya gharama kidogo lakini maranda yanakaa makavu. Karatasi ya faida waachie.

Oda ya mzunguko wa nne nimeshaiweka kwao, vifaranga 220, wanafika wiki ya pili ya mwezi ujao. 150 vina mwenyewe ameshalipa nusu, 40 vya mama mmoja anaechukua 10 kila baada ya siku 2 kuanzia siku ya 32, vilivyobaki bado naulizia.